Siku nane Carolina Kusini na wazee kutoka Tanga: wapi pa kwenda, wapi pa kuacha

Swali limetoka kwa dada anayeishi Columbus, Ohio. Wazazi wake wamekuja kumtembelea kutoka Tanga, na mwezi wa nne, watoto wakiwa likizo, familia nzima inataka kwenda Carolina Kusini kwa gari. Wana siku nane pamoja na barabara. Mama yake anasumbuliwa na magoti, na nyumbani kwao hawali nguruwe. Wengine wamemwambia aende Myrtle Beach, wengine Charleston, wengine Hilton Head. Anauliza: "Tupange vipi ili wazee waone kitu cha maana, siyo bichi tu?"

Dada, pwani ya Carolina Kusini ina urefu wa kama kilomita 300, na wageni wengi huharibu safari kwa kutaka kuimaliza yote. Myrtle Beach iacheni. Ni mji wa hoteli na michezo ya watoto, na kutoka Charleston ni zaidi ya saa mbili za barabara yenye msongamano, kwenda tu. Hilton Head nayo sehemu kubwa ni mitaa yenye mageti ambayo mpita njia haingii bure. Laleni Charleston siku tatu na Beaufort siku mbili. Siku zilizobaki ni za njiani, na hata hizo zina pa kusimama.

Kuna sababu ya kuchagua miji hiyo miwili. Pwani hii ilijengwa na Waafrika waliojua mpunga, chokaa, nyavu na mwendo wa maji, na wajukuu zao, wanaoitwa Gullah au Gullah Geechee, bado wako visiwani na lugha yao, vikapu vyao na mapishi yao. Wengi wa mababu hao walichukuliwa Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola, na meli chache zilitoka hata Msumbiji. Wazee wa Tanga wataisoma pwani hii vizuri kuliko wageni wengi, kwa sababu wanajua bamvua ni nini na ungo ni wa kazi gani. Mpango wote unafuata hilo.

Anzeni Jumamosi. Siku hiyo ni ya barabara tu: Columbus hadi Columbia, mji mkuu wa Carolina Kusini, ni kama saa nane na nusu za gurudumu, na mkiwa na wazee na watoto hesabuni kumi na moja. Mtapita West Virginia, na barabara yao kuu ina vituo vitatu vya kulipia. Hapo kuna mtego: mji mkuu wa West Virginia nao unaitwa Charleston, na mko njiani kuupita. Kwenye ramani ya simu andikeni jina la mji pamoja na jimbo, la sivyo itawaambia mmefika mkiwa bado milimani. Beaufort nayo iko mara mbili. Ya Carolina Kaskazini hutamkwa "Bofoti", ya kwenu hutamkwa "Byufati", na ukiitamka vibaya kwa simu unaweza kupewa chumba katika jimbo jingine.

Jumapili asubuhi, kabla ya kushuka pwani, nendeni Hifadhi ya Taifa ya Congaree, karibu nusu saa kutoka Columbia. Hakuna kiingilio. Ni msitu mkubwa wa kale wa bondeni unaofunikwa na mafuriko ya mto mara kadhaa kwa mwaka, wenye misonobari inayofika mita 50. Kinachowafaa nyinyi ni njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya kinamasi, mzunguko wa kilomita 4 hivi, tambarare, yenye mabenchi. Mama anaweza kwenda robo yake akarudi bila hasara, kwa kuwa miti mikubwa inaanza mapema. Piteni kwanza kwenye ofisi ya wageni muulize kama vipande vya njia vimefungwa, kwani mafuriko na matengenezo hufunga sehemu. Ofisini pia kuna kipimo cha mbu kilichochorwa ukutani, kinachoonyesha hali ya siku hiyo. Kiaminini. Bebeni chakula na maji, maana karibu na hifadhi hakuna pa kula. Mkitoka saa saba mchana, mtakuwa Charleston kabla ya saa kumi.

Sasa Charleston. Mji ulianzishwa mwaka 1670 na sehemu ya zamani iko kwenye ulimi wa nchi kati ya mito ya Ashley na Cooper. Katikati ya mji ni ghali, na Aprili ni msimu wake wa juu. Familia ya watu sita au saba itapata nafuu North Charleston au Mount Pleasant, dakika 15 hadi 25 kwa gari. Angalieni tarehe za mbio za daraja la mto Cooper, Jumamosi moja mwishoni mwa Machi au mapema Aprili: wiki hiyo vyumba hupanda bei na daraja hufungwa asubuhi.

Mkiingia mjini egesheni gari mara moja tu, kwenye jengo la maegesho karibu na kituo cha wageni cha mtaa wa Meeting. Kutoka hapo kuna mabasi ya bure yaitwayo DASH yanayozunguka sehemu ya zamani, na ndiyo yatakayookoa magoti ya mama. Njia za miguu ni za matofali yaliyoinuliwa na mizizi, na mitaa michache bado ina mawe ya mviringo. Viatu vya soli laini havifai.

Jumatatu ndipo wengi hukwama, kwa sababu makumbusho mawili makubwa mnayoyahitaji, IAAM (yaani International African American Museum) na shamba la zamani la McLeod, huwa yamefungwa. Itumieni kwa Old Slave Mart, mtaa wa Chalmers namba 6, ambayo siku yake ya kufungwa ni Jumapili. Jengo hilo la mwaka 1859 lilikuwa sehemu ya soko la kuuzia watumwa, baada ya mji kuzuia minada ya hadharani mitaani. Ndani ni padogo na maandishi ni mengi, kwa hiyo mmoja wenu asome kwanza awatafsirie wazee polepole, badala ya kuwaacha wapite mbele ya mabango. Chalmers ni mmoja wa mitaa ya mawe. Mama ashikwe mkono, au ashushwe mlangoni.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi City Market, masoko yaliyoezekwa yaliyopangana kwa urefu. Humo na kando ya barabara ya 17 huko Mount Pleasant mtawakuta kina mama wa Kigullah wakitengeneza vikapu. Tengeni muda wa kutosha. Hivi si vya kusuka kwa ukili kama vya kwetu pwani. Fundi hukusanya kitita cha nyasi zinazonukia, wanazoziita sweetgrass, huzizungusha duara juu ya duara, na kila duara hushonwa kwenye lililotangulia kwa miyaa ya palmetto, mti ulio jamaa ya minazi. Sindano ni mpini wa kijiko uliosagwa ncha. Wenyewe husema wanashona kikapu, hawasemi kusuka. Ni ufundi wa ukoo mmoja na vikapu vya kuzungusha vya Rwanda na Uganda. Rangi nyeusi au ya kahawia hutoka kwenye sindano za misonobari, na uimara hutoka kwenye matete magumu. Mzizi wa ufundi wote ni ungo mpana wa kupepetea mpunga uliotwangwa kwenye kinu, kazi iliyofanywa na watumwa mashambani. Mwonyesheni mama ungo wa zamani akiuona. Hatahitaji maelezo.

Bei zitawashtua. Kidogo cha kiganjani huanza kwenye dola makumi kadhaa, na kikubwa hufika mamia na hata maelfu. Kikapu cha ukubwa wa kati huchukua siku nyingi, na nyasi zenyewe zimeadimika kwa sababu maeneo zilikoota yamejengwa nyumba na kuwekwa uzio. Msikatie bei kama sokoni Mgandini. Ulizeni kwa adabu kama kuna cha bei ndogo, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Jinsi ya kutambua kizuri: mishono iko karibu na imelingana, ukikibonyeza pembeni kinarudi umbo lake, na aliyekishona anaweza kukuambia kila nyasi ni ipi.

Alasiri hiyo vukeni daraja la Ravenel hadi Sullivan's Island. Ni kisiwa kidogo cha makazi, na ndipo wengi wa walioletwa kutoka Afrika walipowekwa karantini kabla ya kuuzwa mjini. Ngome ya Moultrie iko hapo, kiingilio ni dola 10 kwa mtu mzima na watoto chini ya miaka 16 huingia bure, na ndani kuna maelezo juu ya karantini hiyo. Kuna pia benchi jeusi la chuma lililowekwa mwaka 2008 kwa kumbukumbu ya waliopita hapo, baada ya mwandishi Toni Morrison kulalamika kwamba hakuna hata benchi la kando ya njia linalowakumbuka. Wazee wakae hapo watazame maji. Ngome yenyewe ina historia nyingine: tarehe 28 Juni 1776 kuta zake za magogo ya palmetto zilimeza risasi za mizinga ya Waingereza bila kupasuka, kwani mti huo ni wa nyuzi laini, na ndiyo maana uko kwenye bendera ya jimbo.

Wengi watakusukuma uende ngome ya Sumter, iliyopigwa mizinga tarehe 12 Aprili 1861 na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Kuifikia ni lazima boti, na safari nzima huchukua saa mbili na zaidi, saa moja tu ikiwa ngomeni. Kwa familia yenu naiona si lazima. Kutoka ufukweni mwa Sullivan's Island mtaiona, na jumba la bure la Liberty Square, boti zinakoanzia, linaeleza kisa chake vizuri.

Jumanne ni siku nzito. Anzeni na International African American Museum, iliyofunguliwa tarehe 27 Juni 2023 mahali palipokuwa gati la Gadsden. Inakadiriwa kuwa karibu nusu ya Waafrika walioletwa utumwani Amerika ya Kaskazini walipitia bandari ya Charleston, na gati hili lilikuwa moja ya milango mikubwa zaidi katika miaka ya mwisho kabla biashara hiyo haijapigwa marufuku mwaka 1808. Jengo limeinuliwa mita 4 juu ya nguzo 18, ili ardhi ya gati ibaki wazi. Chini yake kuna bustani ya bure, na sakafuni kuna dimbwi lenye maumbo ya watu waliolazwa ubavu kwa ubavu kama walivyopangwa melini. Maji yake hujaa na kupwa kama bahari. Tiketi za ndani ni za saa maalumu, nunueni mtandaoni wiki mbili kabla, mchague saa nne asubuhi. Ndani kuna lifti. Saa mbili na nusu zinatosha, na watoto chini ya miaka minane huchoka mapema, basi mmoja wenu awashushe bustanini.

Hatua chache kutoka kituo cha wageni, mtaa wa Calhoun, liko kanisa la Emanuel, ambalo jamii yake iliongozwa zamani na watu kama Denmark Vesey, aliyenyongwa mwaka 1822 kwa kupanga uasi wa watumwa. Tarehe 17 Juni 2015 waumini tisa, akiwemo mchungaji wao, waliuawa hapo kwenye darasa la Biblia na kijana mzungu waliyemkaribisha. Ni kanisa la watu wanaosali kila wiki. Simameni nje kwa heshima, msipige picha za kujionyesha.

Mchana nendeni McLeod, kisiwani James, dakika 15. Charleston imezungukwa na mashamba makubwa ya zamani, na mengi huuzwa kwa wageni kama bustani za maua na kumbi za harusi. Mtu mwenye siku tatu atembelee moja tu, na liwe McLeod. Pamba ya nyuzi ndefu ya visiwani ililimwa hapo, na maelezo ya wenyeji huanzia kwenye vibanda vya mbao vya watumwa kabla ya kufika kwenye nyumba ya bwana. Baada ya vita shamba lilitumiwa na ofisi ya serikali iliyohudumia walioachwa huru, na vibanda viliendelea kukaliwa na familia za Kigullah hadi kama mwaka 1990. Fikeni mapema mkute ziara ya kuongozwa, huchukua chini ya saa moja, kwa kusimama. Mwambieni kiongozi mapema kuhusu magoti ya mama. Njia ni ya udongo na majani, na usubi wa Aprili ni mkali jioni; soksi ndefu husaidia kuliko dawa ya mbu peke yake.

Jambo moja mjini Charleston ambalo wageni hulidharau ni maji. Tofauti ya kupwa na kujaa ni kama mita 1.6, ndogo kuliko ya Tanga, lakini mji uko chini sana. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji ya bahari hutokea kwenye mifereji ya mitaa karibu na City Market hata bila mvua, na mvua ikigongana na maji kujaa barabara hufungwa. Msipitishe gari humo, ni maji ya chumvi na huharibu breki na nyaya. Chapisheni jedwali la maji kupwa na kujaa la wiki yenu, la NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa. Litawafaa zaidi Beaufort.

Jumatano hameni kwa barabara ya 17. Ramani itawapeleka kwa saa moja na nusu, nyinyi ichukueni siku nzima. Kwanza Angel Oak kisiwani Johns, mwaloni ambao umri wake hukadiriwa miaka 400 hadi 500, shina lenye mzunguko wa zaidi ya mita 8, na matawi yaliyolala chini kama mikono iliyochoka. Ni bure, dakika 30 zinatosha, watoto wasipande. Mkirudi barabara ya 17 mtapita Rantowles, penye kibao cha uasi wa Stono: tarehe 9 Septemba 1739 watu waliotoka eneo la Kongo na Angola, wakiongozwa na mtu aliyeitwa Jemmy, walichukua silaha wakaanza safari ya kwenda Florida ya Wahispania walikoahidiwa uhuru. Walizuiwa siku ile ile. Kibao kiko kando ya barabara yenye kasi, basi msomee wazee kabla, msisimame ghafla.

Jazeni mafuta katika mji wa Ravenel (si lile daraja), kwani mbele vituo ni vichache. Kisha ingieni Donnelley, eneo la wanyamapori karibu na Green Pond, bure, mnalizunguka kwa gari polepole kwenye barabara ya udongo. Hapa ndipo mzee wako atakapoelewa utajiri wa Charleston ulitoka wapi. Matuta marefu mnayoendesha juu yake au kando yake ni ya mashamba ya mpunga, yaliyopigwa kwa mikono kwenye vinamasi vyenye nyoka na homa. Mpunga ulilimwa kwa mwendo wa bahari, lakini kwa maji yasiyo na chumvi: maji yakijaa baharini husukuma mto urudi nyuma, na maji ya mto, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya ya chumvi. Shamba liliwekwa mbali na bahari kiasi kwamba maji yanayopanda ni matamu, na karibu nayo kiasi kwamba bado yanapanda.

Chini ya tuta kulizikwa sanduku refu la mbao lenye mlango kila upande. Maji yakijaa, mlinzi aliinua mlango wa mtoni. Nguvu ya maji ikausukuma wenyewe ule wa shambani. Yakianza kupwa, uzito wa maji ya shambani uliufunga, shamba likabaki limefurika. Kukausha, kazi iligeuzwa. Mlinzi aliyekosea saa, au asiyeonja maji mwaka wa ukame, aliingiza chumvi na mazao ya mwaka yakafa. Masanduku kama hayo bado yanatumika Donnelley kurekebisha maji kwa ajili ya bata. Mtayaona yakitokeza kwenye matuta. Mtawaona pia mamba wa Kimarekani wakiota jua. Kaeni mita 20 mbali nao, na mtoto asikaribie ukingo wa maji.

Mbele, barabara ya 17 inavuka mto Combahee kwa daraja lenye jina la Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwani akarudi kuokoa wengine. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 1863 aliongoza pamoja na jeshi la Muungano, yaani la majimbo ya Kaskazini katika vita vile vya wenyewe kwa wenyewe, boti zilizopanda mto huu, na watu zaidi ya 700 wakatoka utumwani kwenye mashamba ya mpunga ya aina hiyo hiyo. Simulizi hili lisimulieni mkiwa mmetoka Donnelley, wazee wakiwa bado na sura ya matuta machoni. Kama jua halijashuka, magofu ya kanisa la Sheldon yako pembeni kidogo kabla ya Beaufort, ndani ya uzio.

Beaufort ni mji mdogo wa mwaka 1711. Hapa vita vilipinduka mapema: jeshi la Muungano liliteka eneo hili Novemba 1861, wenye mashamba wakakimbia, na watu kama 10,000 waliokuwa watumwa wakabaki kwenye ardhi, wakaanza maisha ya uhuru kabla ya nchi nzima. Hifadhi ya taifa ya kipindi hicho ina ofisi yake mjini, bila kiingilio, na walinzi hutoa mazungumzo mafupi. Waulizeni kuhusu Robert Smalls. Alizaliwa mtumwa hapa mwaka 1839, na alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862 aliichukua meli Planter kutoka bandari ya Charleston, akapita ngome zote kwa kupiga ishara sahihi za honi na kuvaa kofia ya nahodha, akaikabidhi kwa jeshi la Muungano ikiwa na familia yake ndani. Baadaye aliinunua nyumba ya bwana wake wa zamani mtaa wa Prince, na akawa mbunge wa Marekani. Nyumba ni ya mtu binafsi, itazameni kutoka barabarani. Kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa la Tabernacle, mtaa wa Craven, na sasa kuna sanamu ya Tubman hapo hapo.

Alhamisi ni ya kisiwa cha St. Helena na Hunting Island, barabara moja. Tokeni kabla ya saa tatu. Daraja la Woods linalotoka mjini huzungushwa kupisha boti, na mkikuta limefunguka mtasubiri. Penn Center ndiyo kituo cha kwanza: shule iliyoanza mwaka 1862 kwa ajili ya walioachwa huru, chini ya Laura Towne na Ellen Murray. Miaka ya 1960 Martin Luther King alikuja hapo na wenzake kupanga kazi, kwa kuwa palikuwa mojawapo ya mahali pachache Kusini watu weupe na weusi walipoweza kulala na kukutana pamoja. Pigeni simu siku moja kabla kuhakikisha makumbusho yamefunguliwa. Mkabala na hapo ni kanisa la matofali la mwaka 1855, lililojengwa na watumwa ambao wenyewe waliruhusiwa kukaa ghorofani tu. Wakiondoka mabwana, wakawa wenye kanisa.

Kilomita chache kwenye barabara ya Land's End yako magofu ya kanisa dogo la karne ya 18 lililoungua mwaka 1886. Wazee waguse ukuta kwa macho, si kwa mikono. Ni tabby: chokaa iliyopatikana kwa kuchoma makombe ya chaza, ikachanganywa na mchanga, maji na makombe mazima, ikamiminwa kati ya mbao tabaka kwa tabaka. Mtu aliyeona magofu ya Tongoni, karibu na Tanga, ataona jamaa yake mara moja. Kule chokaa ilichomwa kwa matumbawe, huku kwa chaza, kwa sababu pwani hii haina mawe wala matumbawe ya kujengea.

Angalizo la St. Helena: ardhi nyingi bado ni ya familia za Kigullah, imerithiwa bila hati za mtu mmoja mmoja, na hali hiyo imetumika kuwanyang'anya, mrithi mmoja anaponunuliwa fungu lake na shamba zima kuuzwa kwa amri ya mahakama. Watu wana haki ya kuwa waangalifu na magari ya wageni. Msiingie njia za udongo zisizo na kibao, na msikanyage makaburi ya msituni.

Hunting Island iko mwisho wa barabara, kiingilio dola 8 kwa mtu mzima. Sehemu ya ufukwe imejaa miti iliyouawa na bahari, imesimama na kulala mchangani, myeupe kama mifupa. Hapa maji hupanda zaidi ya mita 2, na yakijaa hakuna mchanga wa kutembea. Fikeni maji yakiwa yamebakiza muda wa saa mbili kupwa kabisa. Mnara wa taa wa mwaka 1875 ulijengwa kwa vipande vya chuma vinavyofunguka, na ukahamishwa mwaka 1889 bahari ilipoukaribia. Una ngazi 167 na umekuwa ukifungwa kwa matengenezo. Ulizeni getini, mama abaki kivulini. Bahari ya Aprili ni baridi kwa mtu wa Tanga, kama nyuzi 18 au 19. Watoto wakiogelea na mkondo ukawavuta nje, waogelee sambamba na ufuo hadi watoke kwenye mkondo, wasipambane nao. Msivue viatu kwenye matope ya vijito: chaza hukata kama wembe, na tope lenyewe humeza mguu hadi gotini.

Kuhusu chakula, nguruwe hujificha. Wali mwekundu wa nyanya, mboga za majani, maharage na kunde huungwa mara nyingi kwa nyama yake ya moshi, hata kama jina halisemi. Kamba kwa grits, ambayo ni uji mzito wa mahindi ya kuparazwa, huja na vipande vya bekoni. Ile sufuria ya kamba, mahindi na viazi iliyoanzia St. Helena huwa na soseji ya nguruwe ndani ya maji yale yale. Swali la kumuuliza mhudumu si "hakuna nguruwe?" bali "supu na mafuta yamepikwa na nini?" Wapishi wengi sasa hutumia bata mzinga wa moshi. Samaki na kamba wa kukaanga huagizwa baada ya kuuliza kama mafuta yanakaanga pia nyama. Karanga za kuchemsha za kando ya barabara ni salama kwa kawaida, lakini ulizeni kama kuna nyama sufuriani. Waigeni wenyeji mziite goober, neno lililotoka kwenye nguba ya Kikongo. Charleston ina misikiti. Kwa Beaufort pangeni sala zenu hotelini.

Wazee wabebe pasipoti na nakala ya I-94, kumbukumbu ya kuingia kwao Marekani, muda wote. Dereva asishike simu: sheria ya jimbo inayokataza hilo ilianza tarehe 1 Septemba 2025.

Ijumaa asubuhi, kama watu hawajachoka, piteni Mitchelville kisiwani Hilton Head. Ni mahali pa mji uliojengwa na kutawaliwa na walioachwa huru kuanzia mwaka 1862, leo ni bustani ya kumbukumbu kando ya maji. Tokeni hapo kabla ya saa sita mlale Charlotte, Carolina Kaskazini, na Jumamosi iwe ya kufika nyumbani. Mama akisema amechoka, ruka Mitchelville, mlale hadi saa tatu.

Kabla ya kulipia hoteli ya Beaufort, fungua lile jedwali la maji uangalie Alhamisi yenu. Maji yakipwa mchana, nendeni kama nilivyopanga. Yakipwa asubuhi mapema, geuzeni: Hunting Island kwanza, Penn Center mkirudi. Yakipwa giza asubuhi na jioni, hamishieni ufukwe Ijumaa alfajiri na mwache Mitchelville.